Kwa nini bibi hatupi kopo

Ndugu wasomaji, kabla ya kuingia kwenye historia nina jambo la kuungama. Pasaka iliyopita nilichoma daftari la babu yangu.

Sikukusudia. Tulikuwa kijijini, mkoani Dodoma, ukoo mzima umekusanyika, na shangazi yangu mkubwa akatoa amri kwamba safari hii stoo ya bibi lazima isafishwe. Panya wamezidi, alisema, na mwaka juzi alionekana nyoka. Sisi wajukuu wa mjini tukakunja mashati. Kwa saa tatu tulitoa vitu ambavyo sikuamini kama vinaweza kuenea kwenye chumba kile: makopo ya mafuta ya kupikia yasiyo na idadi, chupa, dumu zilizopasuka, sufuria zenye matundu, magunia ya katani, ndala za mguu mmoja, betri za redio zilizovimba, vipande vya bati, kamba zilizoungwaungwa, na kopo moja zito ajabu ambalo ndani yake kulikuwa na misumari. Misumari iliyotumika, iliyong'olewa kwenye mbao na kunyooshwa mmoja mmoja kwa nyundo.

Tulicheka sana kwa ile misumari. Mimi nikapewa kazi ya moto. Kulikuwa na boksi la makaratasi lililoliwa na mchwa pembeni, nikalimwaga lote bila kulipekua. Bibi alitoka ndani akakuta majivu. Akauliza, "Na lile boksi?" Nikamwambia, "Makaratasi tu yale bibi, yalishaliwa na mchwa." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mume wangu." Basi. Mnajua bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kiume. Lakini safari hii hakulisema kwa utani.

Usiku baba akaniambia kwamba mle ndani mlikuwa na daftari la babu la kisomo cha watu wazima. Daftari ambalo babu aliandikia jina lake kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Asubuhi yake nikamkuta bibi kwenye lundo la takataka, anachambua makopo yake na kuyarudisha stoo, moja baada ya jingine.

Nimerudi Dar na jambo hili limenikaa rohoni. Siku hizi kila mahali tunafundishwa kupunguza vitu nyumbani: kama hujakitumia kwa mwaka mmoja kitoe, nyumba safi akili safi, na kadhalika. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Chumba changu mwenyewe cha kupanga kimejaa nyaya za simu nilizokwisha kuzitupa. Ila swali nililojiuliza ni hili: bibi yangu ni mtu msafi kupita kiasi, anafagia uwanja kabla jua halijachomoza, vyombo vyake vinang'aa. Inakuwaje mtu msafi namna hiyo hatupi kopo? Jibu sikulipata kwenye tabia yake. Nililipata kwenye miaka aliyopitia.

Tuanze mwaka 1971. Mwaka huo ilianza Operesheni Dodoma, kazi ya kuwahamisha watu wa mkoa ule kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa. Bibi alikuwa mke kijana. Walikuwa na tembe, ile nyumba ya Kigogo ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, ndefu, ya chini, giza ndani, watu upande huu na mifugo upande ule. Walipohama walibeba walichoweza kubeba. Bibi anakumbuka jiwe la kusagia waliloliacha kwa sababu lori lilikuwa limejaa. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado analitaja lile jiwe. Miaka miwili baadaye, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima, na hadi kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Sehemu nyingine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Kwa hiyo kizazi cha bibi, somo lao la kwanza la kupunguza vitu nyumbani lilitolewa na serikali, na lilitolewa kwa lori.

Lakini mwaka huohuo wa 1973 kulikuwa na jambo jingine, na hili bibi analisimulia akitabasamu. Ni kampeni ya Mtu ni Afya.

Vijana wenzangu wengi hatuijui, na ni aibu, maana ni moja ya kampeni kubwa za elimu kwa redio zilizowahi kufanyika Afrika. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeshajaribu njia hiyo mwaka 1971 kwa kampeni ya Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Kwa Mtu ni Afya wakaipanua. Walifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania kwa majuma 12, na waliojiunga na vikundi walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu takribani milioni 12. Piga hesabu mwenyewe uone ni nyumba ngapi ziliguswa.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kinakutana mara moja kwa wiki chini ya mti au darasani, wanasikiliza kipindi, kiongozi au yeyote anayejua kusoma anasoma sura ya kijitabu, wanajadili, halafu, na hapa ndipo penye kiini, wanakubaliana watafanya nini kabla ya kukutana tena. Malaria? Basi wiki hii tufyeke majani karibu na nyumba, tufukie madimbwi, tukusanye makopo na vifuu vinavyotuama maji. Kuhara? Tuchimbe choo, tuchemshe maji ya kunywa, tufunike mtungi. Safura, kichocho na kifua kikuu navyo vilikuwamo. Mambo madogomadogo ya nyumbani, jambo moja kwa wiki moja, na wiki ijayo mnaulizana.

Bibi anasema katika majuma yale babu alichimba choo chao cha kwanza, yeye akajenga kichanja cha kuanikia vyombo juani, na wakatoboa dirisha kwenye nyumba mpya ili moshi utoke. "Mama mkwe alikataa dirisha," aliniambia, "akasema wachawi watapita." Wakatoboa hivyohivyo, dogo, la kuchungulia jicho moja. Baada ya miezi miwili mama mkwe akahamishia kigoda chake pale dirishani, kwenye mwanga, na hakuna aliyemkumbusha maneno yake.

Tathmini iliyofanywa baada ya kampeni ilipita kwenye nyumba zaidi ya 2,000 za vijiji vinane, ikalinganisha hali ya kabla na ya baada. Mabadiliko yalikuwepo, na kubwa kuliko yote lilikuwa vyoo. Jambo hili halikufutika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliona kwamba zaidi ya kaya 8 kati ya 10 Tanzania zilikuwa na choo cha aina fulani, ingawa vingi vilikuwa vya shimo tu, visivyofikia viwango. Mnaona? Shimo lilibaki, na uboreshaji ukaishia hapohapo kwenye shimo. Ndiyo maana kipindupindu kilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1970 na kusambaa kuanzia 1977, kilituonesha kwamba choo bila maji safi ni nusu ya kazi.

Na nisipake asali. Kuna jambo ambalo takwimu haziliandiki vizuri. Kijitabu kilisema "tuchemshe maji". Nani aliyachota maji hayo, na nani alizitafuta kuni za kuyachemshia? Bibi anasema kisima kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Wanaume walichimba choo mara moja, wakashangiliwa. Wanawake walichemsha maji kila siku, na wengi wakaacha, si kwa ujinga bali kwa uchovu. Ukiona jambo la usafi halidumu nyumbani, usiulize kwanza nani mvivu. Uliza nani anabeba ndoo.

Hata hivyo tofauti ya Mtu ni Afya na yaliyotangulia ni kubwa. Wakati wa mkoloni alikuwepo Bwana Afya, mkaguzi wa usafi aliyeingia uani kwako akachungulia mtungi, akaona viluwiluwi, ukalipa faini. Neno hilo wazee bado wanalitumia, na hawalitumii kwa mapenzi. Bwana Afya alikuja kutafuta makosa. Kikundi cha 1973 kilikuwa cha majirani wanaoulizana, "Wewe umefikia wapi?" Ndiyo maana bibi anatabasamu. Ndani ya vikundi vya namna hiyo na madarasa ya kisomo yaliyokwenda sambamba navyo ndimo babu alimojifunza kuandika jina. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionesha wasiojua kusoma na kuandika wameshuka hadi karibu asilimia 39, na mwaka 1977 hadi karibu 27. Babu alikuwa mmoja ndani ya asilimia hizo, na ushahidi wake ulikuwa kwenye boksi lililoliwa na mchwa.

Sasa tuje kwenye makopo.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Serikali ikalegeza msimamo baada ya muda mfupi, lakini maduka mengi yalikuwa yameshakufa. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Bei ya mafuta duniani ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Wale waliozaliwa baada ya hapo, kama mimi, tunasikia tu hadithi: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada uliopewa jina kwa rangi ya jezi. Watu walifua kwa majani ya mpapai na majivu. Ukipata mche wa sabuni, unaukata vipande na kuviacha vikauke kabisa kabla ya kutumia, maana sabuni kavu haiishi haraka.

Katika miaka hiyo kopo tupu halikuwa takataka. Lilikuwa kikombe, kibatari, kipimo cha unga sokoni, chombo cha kuhifadhia mbegu. Gunia lilikuwa godoro. Msumari haukuwepo dukani. Kama unataka kutengeneza mlango, unang'oa msumari kwenye ubao uliooza, unaunyoosha juu ya jiwe. Ile misumari tuliyoichekea Pasaka, babu aliinyoosha miaka ya mwanzo ya 1980. Bibi aliendelea kuitunza hata baada ya babu kufariki.

Halafu ikaja 1983, na hapa historia yetu ya kutupa vitu ina ukurasa wake wa ajabu. Mwezi Machi mwaka huo serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, nyumba na maghala yakapekuliwa, sheria maalumu ikatungwa na mahakama maalumu ikaundwa. Wananchi wengi waliunga mkono, kwa sababu kulikuwa na walanguzi wa kweli walioficha bidhaa huku watu wakiteseka. Lakini hofu haikuchagua. Watu walioona wana vitu vya ziada walianza kuvitupa usiku. Vitambaa, sabuni, vyombo, redio, vilikutwa maporini, mitaroni na mitoni. Ndugu yangu, hebu fikiri: nchi nzima haina sabuni, na sabuni zinatupwa mtoni!

Nilimuuliza bibi kwa simu kama yeye alitupa chochote. Akanyamaza, kisha akasema walikuwa na doti tano za kanga alizoletewa na kaka yake aliyekuwa dereva wa malori. Kwa hofu babu alizifukia shimoni nyuma ya zizi. Walipozifukua baada ya miezi mingi, mchwa walikuwa wamezimaliza. Alipata kuokoa pindo moja tu. "Lile pindo lilikuwa stoo," akasema. Sikuthubutu kuuliza kama lilikuwemo kwenye boksi.

Kuanzia 1984 mambo yakalegezwa. Wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuingiza bidhaa, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu Novemba 1985, mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ikafunguka. Nguo za mitumba, ambazo wazee walikuwa wakiziita kafa ulaya, zikajaa hadi magengeni. Ikaja plastiki: ndoo, dumu, viti, mifuko ya Rambo. Mara ya kwanza katika maisha ya bibi kitu kiliweza kuharibika na kikawa rahisi kukinunua upya kuliko kukitengeneza. Sisi tumezaliwa ndani ya wingi huo. Kwetu tatizo ni pa kuweka vitu, kwake lilikuwa pa kuvipata. Mifuko ile ilikuja kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na siku hiyo bibi zetu ndio walioshangaa kidogo kuliko wote. Vikapu vyao vya ukindu havikuwa vimekwenda popote.

Nimalizie mfululizo huu na Desemba 9, 2015. Rais Magufuli, akiwa na mwezi mmoja madarakani na nchi ikiwa na kipindupindu, alifuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku hiyo ya kufanya usafi. Mwenyewe alionekana akizoa taka jirani na Ikulu. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima, kama majirani zetu wa Rwanda walivyo na umuganda wao. Nilifagia mtaro siku ile na nilifurahi. Lakini nikitazama nyuma naona tulichokikosa. Tulipewa ufagio na siku, hatukupewa kikundi. Hakuna aliyeniuliza wiki iliyofuata, "Wewe umefikia wapi?" Mitaani kwetu siku ile ikageuka kuwa saa za kufunga maduka na kukwepa faini. Bwana Afya alikuwa amerudi.

Basi nikafanya nini? Mwezi Agosti, baada ya mavuno, nikaomba likizo ya siku nne nikarudi kijijini. Niliingia nikamsalimu, "Shikamoo bibi." "Marahaba. Umekuja kuchoma nini leo?" Nikajua nimesamehewa nusu.

Tulifanya kazi ileile ya Pasaka, ila kwa njia ya 1973. Bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, mimi natoa kitu, yeye anahukumu. Mafungu matatu: cha kutumia, cha kumpa mtu, cha kutupa. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kila kitu kionekane na macho yake kabla hakijaondoka. Siku ya kwanza tulikwenda taratibu mno, maana kila kopo lilikuwa na hadithi. Siku ya pili, jamani, nilishangaa. Alianza kutupa kuliko hata shangazi! Betri zote akasema ziondoke, ila zisitupwe shambani. Sufuria zilizotoboka zilikwenda kwa fundi, mbili zikapona. Magunia mazima akapewa jirani anayevuna karanga. Nadhani kilichomfanya arudishe makopo Pasaka hakikuwa mapenzi ya makopo. Ni kwamba kwa mara nyingine tena watu walikuja na nguvu nyumbani kwake wakaamua kipi kiondoke.

Siku ya tatu tulijenga shelfu, ili vilivyobaki visikae chini panya wakapata maficho. Mbao tulizipata kwa fundi wa pale kijijini. Nilitaka kwenda dukani kununua misumari, bibi akaniuliza kama nina wazimu. Kopo likaletwa. Misumari ya babu ilikuwa na kutu juu lakini haikupinda hata mmoja. Kipande cha bati kikaziba paa la choo palipokuwa pakivuja, na pindo la kanga, ndiyo, lilikuwepo, ndani ya kopo la mafuta lenye kifuniko, wala halikuwa kwenye boksi. Sikumbuki lini nimeshukuru kama siku ile.

Daftari halitarudi. Nimeshaacha kujidanganya kwamba nitalilipa kwa namna yoyote. Nilichobaki nacho ni mambo machache ninayoyafuata sasa hata kwenye chumba changu cha Dar. Nasafisha kidogo kila mwezi badala ya kungoja Pasaka ya hasira. Natengeneza jambo moja dogo kila ninaposafisha: bawaba ya mlango, wavu wa dirisha, ndoo ya kunawia mikono. Na kama kitu si changu, hata kiwe kimeoza vipi, namngoja mwenyewe akione.

Na wewe msomaji mwenye bibi, babu au mama mwenye stoo iliyojaa, nenda kaisafishe, panya hawana historia ya kutetea. Ila kabla hujawasha kiberiti, muulize. Halafu kaa chini usikilize, maana jibu linaweza kuchukua siku tatu.

Nawasilisha.